Mmea hauna miguu, lakini una silaha: funzo kutoka mashamba ya Usa River



Mwenye kusafiri kutoka Arusha kwenda Moshi huipata Usa River baada ya mwendo wa yapata kilomita 20. Kaskazini yake umesimama Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, nao ndio unaoinywesha nchi hii kwa vijito na mifereji. Juu kwenye miteremko kuna migomba na kahawa, na chini ya barabara kuu kuna mahindi, maharage na nyanya. Mazao hayo hupelekwa soko la Tengeru, na kutoka huko huenda Arusha, Dar es Salaam na hata nje ya mipaka ya nchi.

Ukipita katika mashamba ya nyanya mapema asubuhi, aghalabu utamwona baba wa familia amebeba bomba la kupulizia dawa mgongoni. Nyuma yake yuko mtoto anayechota maji mferejini kwa ndoo. Hakuna kinga ya uso wala glovu. Ndani ya bomba kuna dawa mbili au tatu zilizochanganywa pamoja, maana mwenye shamba amekata tamaa na wadudu. Wiki iliyopita alipuliza, wiki hii anapuliza, na wiki ijayo atapuliza tena. Baada ya siku chache nyanya zile zile zitakuwa mezani kwako na kwangu.

Leo nataka tuulize swali ambalo ni mara chache tunaliuliza. Kabla ya kuwepo bomba na dawa ya dukani, ni nani aliyekuwa akimlinda mnyanya? Mbuzi akishambuliwa hukimbia, na nyuki akichokozwa huuma. Mmea umefungwa na mizizi yake pale pale ulipoota, ukizungukwa na maelfu ya viumbe wanaotaka kuula. Pamoja na hayo dunia ni ya kijani, haikuliwa ikaisha. Maana yake ni kwamba mmea hauko uchi kama tunavyodhani. Umeumbwa na ulinzi wake, na ulinzi huo una daraja kadhaa. Tuzitazame moja baada ya nyingine, kisha turudi kwa yule baba na bomba lake.

Daraja la kwanza: ngozi, nywele na mchanga

Kila aliyewahi kufunga minyanya kwenye mambo anajua kwamba akimaliza kazi vidole vyake hugeuka kijani kilichokolea, kisha vyeusi, na kubaki na harufu isiyotoka kwa sabuni ya mara moja. Uchafu ule si wa udongo. Shina na majani ya mnyanya yamefunikwa na nywele ndogo sana, na baadhi yake zina kifuko kwenye ncha. Mdudu mdogo akikanyaga, kifuko hupasuka na kumwaga utomvu wa kunata wenye kemikali zinazomfukuza au kumtia sumu. Kwa mtu ni uchafu wa vidole, lakini kwa kidukari asiyefikia ukubwa wa punje ya mtama ni kama kutumbukia kwenye gundi.

Mahindi, mpunga na miwa vina njia nyingine. Mimea ya jamii ya nyasi hufyonza ardhini madini ya silika, jamii ile ile inayofanya mchanga na kioo, na kuyapanga kama chembe ngumu ndani ya majani. Ndiyo sababu jani la muwa huchana mkono. Wanasayansi wameonyesha kwamba viwavijeshi wakilishwa nyasi zenye silika nyingi, taya zao huchakaa na ukuaji wao hudumaa.

Hata ganda la hindi ni ngome. Wazee waliochagua mbegu kwa kuangalia hindi lililofunikwa vizuri mpaka kwenye ncha walikuwa na hoja. Ganda lililobana humchelewesha mdudu mtoboaji kuifikia punje, shambani na ghalani pia.

Daraja la pili: sumu iliyotengwa na ufunguo wake

Mmea unaoweka sumu mwilini mwake una tatizo moja, nalo ni kutojiua wenyewe. Muhogo umelitatua kwa njia ya ajabu. Kemikali inayoweza kuzaa sianidi huwekwa mahali pamoja ndani ya seli, na kimeng'enya kinachoifungua huwekwa mahali pengine. Maadamu jani au kiazi ni kizima, viwili hivyo havikutani. Mdudu akitafuna huvunja kuta zilizovitenga, navyo hukutana, na sumu huzaliwa mdomoni mwa mshambuliaji. Ni sawa na mtu aliyeweka kiberiti chumba kimoja na mafuta ya taa chumba kingine, na mwizi ndiye anayevunja ukuta.

Sasa tunafahamu kwa nini bibi zetu waliuloweka muhogo mchungu, wakauvundika, wakautwanga na kuuanika juani kabla ya kuupika. Walikuwa wakiifungua silaha hiyo na kuiacha itoke kabla ya chakula kufika mezani. Wafugaji nao wanajua kwamba ng'ombe akiingia kwenye mtama mchanga anaweza kufa kwa muda mfupi. Mtama mchanga hutumia ulinzi wa jinsi hiyo hiyo.

Mahindi nayo yana kemikali yao ya uchungu, iliyofungwa pamoja na sukari mpaka jani linapojeruhiwa. Huwa nyingi zaidi mche ukiwa mdogo, wakati ambao jeraha moja laweza kuumaliza, kisha hupungua kadiri mmea unavyokua.

Kahawa, zao lililoijengea Meru shule na nyumba za bati, ina kafeini. Mwaka 1984 mtafiti James Nathanson wa Marekani alionyesha kwamba kafeini huvuruga miili ya wadudu wanaoila. Kinachotuamsha sisi asubuhi kijiweni kiliwekwa kwenye mbuni kwa ajili ya vita visivyotuhusu.

Maharage tunayochanganya na mahindi kupika makande yana protini zinazomdhuru anayeyala mabichi, na ndiyo sababu ni lazima yachemke sawasawa. Watafiti waliikuta protini ya ukoo huo katika maharage mwitu ya Mexico, ikiwa na nguvu ya kuzuia wadudu watoboao maharage ghalani. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wamekuwa wakijitahidi kuirudisha katika mbegu za kawaida.

Daraja la tatu: jeraha la jani moja, habari ya mti mzima

Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba mmea ni kama nyumba yenye mlango mzito na miiba juu ya ukuta, imara lakini isiyojua kinachotokea. Mwaka 1972 huko Marekani, Terry Green na Clarence Ryan walitoa habari iliyobadili mtazamo huo. Waliwaacha wadudu watafune jani moja la mnyanya au la mbatata, kisha wakapima majani mengine ya mmea ule ule ambayo hayakuguswa. Wakakuta kwamba majani hayo nayo yamejaa protini zinazozuia usagaji wa chakula tumboni mwa mdudu. Habari ilikuwa imesafiri kutoka jani lililoumwa hadi majani yaliyo mbali, nayo yakajiandaa.

Protini hizo hazimuui kiwavi papo hapo. Humfanya ale asishibe, kwa kuwa chakula hakimeng'enywi vizuri. Hukua polepole, hudhoofika, na hubaki shambani muda mrefu zaidi akionwa na ndege na wadudu wanaomwinda. Mwenye kutarajia dawa iue ndani ya saa moja hawezi kuona kazi hii, lakini ni kazi kubwa.

Mjumbe mmojawapo wa habari hiyo ni asidi ya jasmoniki, jamaa wa kiungo cha manukato ya asumini, ua lile lile ambalo kina mama wa pwani hulifunga vikuba. Mwaka 1990 Edward Farmer na Ryan walionyesha kwamba mnyanya ukifungiwa chombo kimoja na tawi la mmea wa porini unaotoa harufu ya jamii hiyo, mnyanya huanza kutengeneza ulinzi wake bila kuguswa na mdudu yeyote. Harufu pekee iliutosha kuwa onyo.

Zingatia hapa hekima ya matumizi. Ulinzi una gharama. Chakula kinachotumika kutengeneza sumu hakiwezi kutumika kukuza tunda. Kwa hiyo mmea huweka ulinzi mdogo wa kudumu, na ule mkubwa huuandaa hatari inapoonekana. Hautumii hazina yake yote kwa khofu.

Daraja la nne: kuita msaada

Daraja hili ndilo la ajabu kuliko yote, na kwa bahati njema sehemu kubwa ya elimu yake imepatikana hapa kwetu Afrika Mashariki.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Wageningen huko Uholanzi, akiwemo Marcel Dicke, waligundua kwamba mharage ukishambuliwa na utitiri hutoa harufu maalumu, na harufu hiyo huwavuta utitiri wa aina nyingine ambao chakula chao ni wale washambuliaji. Mwaka 1990 Ted Turlings na wenzake huko Marekani wakaonyesha jambo kama hilo kwa mahindi na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Hindi halidanganyiki kirahisi. Jani likikatwa tu, harufu hutoka kidogo, lakini likikatwa na kupakwa mate ya kiwavi, wito hutoka kwa nguvu. Mmea hutofautisha kati ya jeraha la kawaida na mdomo wa adui.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kinachojulikana kama icipe. Katika miaka ya 1990, watafiti wake walioongozwa na Zeyaur Khan huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, walishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, kutafuta dawa ya bungua, yule kiwavi anayetoboa bua la hindi na kulila kwa ndani. Mwaka 1997 walieleza kuhusu nyasi moja ya malisho ambayo, bila hata kuliwa, hutoa harufu ile ile ambayo hindi hutoa likiliwa. Ikipandwa kati ya mahindi, nondo wa bungua huliepuka shamba, na nyigu wadogo wanaowaua viwavi huja kwa wingi.

Kutokana na elimu hiyo ukazaliwa mpango uitwao sukuma-vuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwasukuma nondo nje. Pembezoni mwa shamba hupandwa majani ya tembo, ambayo huwavuta nondo wakatage huko. Lakini majani ya tembo ni mwenyeji mwenye hila, kwani kiwavi akitoboa bua hutokewa na utomvu wa gundi, na wengi wao hufia humo. Desmodiamu nayo huzuia gugu la kiduha na kurutubisha udongo, na mimea yote miwili ni malisho ya ng'ombe. Mkulima hupata mahindi na maziwa katika shamba moja. Mpango huo ulianzia magharibi mwa Kenya ukaenea Uganda, Ethiopia na Tanzania.

Mwaka 2011 kundi hilo hilo, katika kazi iliyoongozwa na Amanuel Tamiru, lilitoa habari nyingine ya kutafakarisha. Baadhi ya mbegu za mahindi za kienyeji huanza kuita msaada mapema zaidi, pale nondo anapotaga mayai juu ya jani, kabla kiwavi hajazaliwa. Wito huo huwavuta nyigu wanaoshambulia mayai na wale wanaoshambulia viwavi pia. Mbegu chotara walizozipima hazikutoa wito huo.

Tulichokipunguza sisi wenyewe

Habari hiyo inatufikisha kwenye jambo zito. Ulinzi wa mimea tunayoilima ni dhaifu kuliko wa jamaa zao walioko porini, na sababu ni sisi. Kwa vizazi vingi mwanadamu amechagua nyanya kubwa, laini na tamu, hindi lenye punje nyingi na muhogo usio na uchungu. Hakukosea, kwa kuwa alihitaji kula. Lakini uchungu aliouondoa ulikuwa silaha, na nywele alizozipunguza zilikuwa ukuta. Nyanya mwitu za Amerika Kusini hadi leo zina nywele zenye utomvu mkali ambao nyanya zetu za sokoni hazinao kwa kiasi hicho.

Simaanishi kwamba mbegu chotara ni mbaya, kwani zimewashibisha wengi. Ninachosema ni kwamba anayeondoa mlinzi mlangoni anapaswa ajue kwamba amemwondoa, asije akashangaa wezi wakiingia. Na familia yenye mbegu ya kienyeji iliyorithiwa kutoka kwa wazee isiitupe yote kwa sababu mbegu mpya imefika dukani. Ndani yake huenda kuna wito ambao mbegu mpya imeusahau.

Adui naye hujifunza

Mwezi Agosti 2014, katika kijiji cha Ngabobo wilayani Arumeru, si mbali na Usa River, alionekana kwa mara ya kwanza nchini Tanzania mdudu wa nyanya ambaye wataalamu walimwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika Kusini. Alikuwa amekwisha kuingia Hispania mwaka 2006, na kutoka huko akateremka hadi Afrika. Wakulima wetu wakampa jina lao, kantangaze, yaani nenda ukanitangaze, kwa jinsi hasara yake isivyoweza kufichika.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kiwavi cha kantangaze hakitembei juu ya jani kikasubiri kunaswa na nywele. Huingia katikati ya ngozi mbili za jani na kula nyama yake kwa ndani, kikiacha vibaka vyeupe kama karatasi iliyoungua. Huko ndani nywele hazimfikii, na mara nyingi hata dawa iliyopulizwa juu haimfikii. Wanaonusurika huzaa wengine wanaoistahimili dawa ile ile. Hapo ndipo mkulima anapoongeza kipimo, kisha anachanganya dawa ya pili na ya tatu.

Kantangaze si peke yake. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa barani Afrika mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017, ana uwezo wa kuifunga upya na sukari ile kemikali ya uchungu ya mahindi, ikawa haimdhuru. Na mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba mdudu anayetoboa tunda la kahawa ana bakteria tumboni wanaoivunja kafeini. Vita hivi havina mshindi wa kudumu. Mmea huzua, na mdudu huzua. Ndiyo maana anayetegemea silaha moja tu, iwe ya mmea au ya dukani, siku moja atajikuta hana silaha.

Turudi kwa yule baba na bomba lake

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Aiwerasia Ngowi kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania. Takriban theluthi moja ya wakulima walikuwa wakichanganya dawa pamoja, na asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza. Hawa ni baba zetu, kaka zetu na majirani zetu.

Sasa tunaweza kuona hasara nyingine iliyojificha. Mnyanya au hindi lililoumwa limekwisha kupiga mbiu, na nyigu wadogo wako njiani. Dawa inayoua kila kitu humwaga sumu juu ya walioitwa pamoja na waliovamia. Wavamizi huzaliana haraka na kurudi, ilhali walinzi huchelewa. Mkulima akiona wadudu wamerudi wengi kuliko mwanzo, hudhani kwamba dawa ilikuwa kidogo, kumbe aliua jeshi lake mwenyewe.

Njia ya kati ipo, na baadhi yake imepimwa hapa hapa kaskazini. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Greenwich cha Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio ya kupulizia maharage maji ya mimea inayoota pembezoni mwa mashamba yetu, miongoni mwake utupa, alizeti mwitu na kishona nguo. Wadudu waharibifu walidhibitiwa, mavuno yalilingana vizuri na ya dawa ya dukani, na wadudu wenye manufaa walidhurika kidogo zaidi. Mwarobaini nao una sifa ya zamani. Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu Heinrich Schmutterer aliona nzige wakimaliza majani yote isipokuwa ya mwarobaini. Na pareto, inayolimwa katika nyanda za juu za nchi yetu, hubeba katika maua yake sumu ya wadudu inayojulikana dunia nzima.

Lakini tusidanganywe na neno asili. Utupa ndio uliotumiwa na wazee kulevya samaki mtoni. Mwenye kuosha ndoo ya utupa mferejini huwaua samaki wa jirani yake aliye chini. Tena si kila utupa unafaa, kwani imegunduliwa kwamba kuna aina mbili zinazofanana kwa macho, na moja haina nguvu juu ya wadudu. Elimu inahitajika kwenye dawa ya shambani kama inavyohitajika kwenye dawa ya dukani.

Mambo ambayo familia inaweza kuyafanya

Kwanza, tembelea shamba kwa macho kabla ya kulitembelea kwa bomba. Geuza majani, tafuta mayai na vibaka, ondoa majani na matunda yaliyoshambuliwa uyafukie au uyachome. Shamba la nyanya likiisha, mabaki yasiachwe yakawa nyumba ya kantangaze.

Pili, wafundishe watoto kuwatambua walinzi. Kiwavi aliyebebeshwa vifuko vyeupe kama punje za mchele ameshambuliwa na nyigu, na anayemponda huponda walinzi wa kesho.

Tatu, usisafishe pembezoni mwa shamba mpaka pakawa jangwa. Maua ya pembezoni ndiyo chakula cha nyigu na nyuki.

Nne, badilisha mazao. Nyanya juu ya nyanya mwaka mzima ni karamu isiyokwisha kwa mdudu mmoja.

Tano, ikibidi kutumia dawa, iwe moja iliyosajiliwa, kwa kipimo kilichoandikwa, kwa mavazi ya kujikinga, na mtoto awe mbali. Muulize bwana shamba, au wataalamu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu walioko Ngaramtoni, hapa hapa Arusha. Kopo la dawa likiisha lisigeuzwe la kuchotea maji.

Sita, zihesabu siku. Kila dawa ina idadi ya siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye lebo. Hapa suala linatoka kwenye kilimo na kuingia kwenye amana. Mnunuzi wa Tengeru hawezi kuiona dawa iliyo juu ya ngozi ya nyanya, na muuzaji pekee ndiye anayejua alipuliza lini. Mwenye kuvuna jana alichokipuliza juzi, akakipanga kizuri juu ya meza, ameuza aibu ya bidhaa bila kuisema, na wanaoilipa ni watoto wa watu wengine. Sheria ya biashara katika dini yetu juu ya jambo hilo inafahamika kwa kila aliyepita madrasa.

Ndugu msomaji, jaribu jambo hili jioni ya leo. Mchukue mtoto wako hadi kwenye mnyanya mmoja, mwambie asugue jani kwa vidole viwili na anuse. Harufu ile kali ni sauti ya mmea ukijitetea. Mwambie kwamba mmea huo umesimama pale pale tangu ulipopandwa, umeumwa, umewaonya wenzake wa tawi moja, na huenda umekwisha kuwaita wasaidizi ambao macho yetu hayawaoni. Kisha mtazame pamoja, mkigeuza jani baada ya jani, kama wasaidizi hao wamefika, kabla hujalibeba bomba.

Wabillahi tawfiq.